Barua Pepe Isiyo na Jina Langu

Mtu akiniuliza siku hizi kama zile huduma za barua pepe zisizo na jina zinaficha kweli, nami humuuliza: unamficha nani? Kama unajificha kwa watu wa mbali, usihangaike, watu wa mbali hawana habari na wewe. Mimi nilitaka kujificha kwa watu wa ofisini kwangu, na kati ya hao mmoja alikaa nyuma ya mlango ulioandikwa Meneja, na mwingine alikaa masijala, hatua kumi kutoka kwenye meza yangu, na mchana tulikula sahani moja.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kanda ya shirika moja la umma mjini Dodoma. Shirika lenyewe silitaji. Liliuzwa, likauzwa tena, na jengo letu sasa ni duka la mabati na misumari. Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, kila asubuhi mtu anakuja na habari kwamba kiwanda fulani kimepata mnunuzi, ofisi fulani imefungwa, na kila mahali pana orodha ya watu wa kupunguzwa. Neno lenyewe tulilisema kwa sauti ya chini, kama tunavyotaja ugonjwa wa mtu aliye chumba cha pili.

Mama wa masijala ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika pale nikitokea kijijini kwetu, ng'ambo ya reli kule Gulwe, nina cheti cha kupiga chapa na Kiswahili kilichojaa Kigogo. Wenzangu waliniiga ninavyotamka, wakacheka hadi machozi. Yeye, mtu wa Kondoa, ushungi mweupe na miwani iliyofungwa uzi mweusi, aliwauliza siku moja, "Ninyi mnaocheka, nani kati yenu anaweza kuandika dokezo moja lisilo na kosa?" Wakarudi kwenye meza zao. Tangu siku hiyo nikawa mtoto wake. Nikileta mlenda na ugali wa uwele, yeye analeta samaki wa kukaanga au maharage ya nazi, tunafunga mlango wa masijala, tunakula.

Alikuwa na sheria moja tu. "Neno bila folio ni umbea." Folio ni ile namba anayoiandika mtunza masijala kwa kalamu nyekundu pembeni ya kila karatasi inayoingia kwenye faili. Kwake yeye, jambo lililotokea bila kupewa folio halikutokea. Ukimwambia bosi alisema hivi, anakuuliza faili gani, folio ya ngapi. Mimi niliikubali sheria hiyo kama wengine wanavyokubali dini. Mpaka leo nikigombana na mafundi wanaonijengea choo nataka karatasi.

Na alikuwa na kipaji ambacho ofisi nzima ilikitumia kama mchezo. Alijua mwandiko wa kila mtu. Madokezo ya zamani mengi hayana jina, yana mkwaruzo tu chini, na watu walikuwa wakimletea faili lililoliwa na mchwa na kumuuliza, "Mama, huyu nani?" Anasogeza miwani. "Huyu ni yule mhasibu aliyehamia Singida. Angalia mkia wa herufi yake ya mwisho, anauvuta kama anafunga mbuzi." Hakukosea hata mara moja, angalau mbele yangu.

Basi, orodha yetu ikaja. Makao makuu waliagiza watu kumi na saba wapunguzwe, kwa utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza. Orodha ya kwanza niliichapa mimi. Ndani yake alikuwemo mtoto wa dada yake Meneja, dereva aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeshangaa. Ikaingia kwenye faili la siri, folio 61. Faili hilo tulilishika watu watatu tu: Meneja, mama wa masijala, na mimi.

Baada ya wiki mbili Meneja akanipa orodha nyingine aliyoiandika kwa mkono. Nilianza kuchapa bila kusoma, kama wapiga chapa wote tunavyofanya, vidole vinakwenda na akili iko sokoni. Nilipofika namba kumi na moja vidole vikasimama. Lilikuwa jina la mama wa masijala. Dereva hakuwemo.

Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa ameingia kazini kabla ya Meneja kujua kufunga kamba za viatu. Mtu aliyepunguzwa wakati ule aliondoka na barua ya shukrani na pensheni iliyokatwa kiunoni, na yeye alikuwa mjane, na nyumba yake ya Kondoa ilikuwa bado haijaezekwa upande wa pili. Nilimaliza kuchapa kwa sababu ndiyo kazi. Meneja akasaini. Karatasi ikaenda masijala.

Niliona kwa macho yangu mama akiipokea. Alisoma. Akachukua kitoboleo, akaitoboa, akaiweka ndani ya faili, akaandika 64 kwa kalamu nyekundu. Kisha akasema, "Riziki anagawa Mungu," akafunga faili, akaniuliza kama nimeleta chumvi.

Ningekuwa na busara ningeleta chumvi nikanyamaza. Lakini nina hasira za karibu, kwetu wanasema nilirithi kwa bibi, na mchana ule samaki nilimwacha kwenye sahani.

Wiki hiyohiyo watumishi tulipelekwa semina Chimwaga, kwenye ule ukumbi mkubwa. Wakubwa wa makao makuu walikuja kutufundisha uwazi. Mmoja wao, mwenye tai nzuri na sauti ya redio, alisema mtumishi mwenye malalamiko kuhusu zoezi la kupunguza watu asiogope. Aandike moja kwa moja kwao kwa barua pepe. "Si lazima jina. Siri yako tutaitunza." Akaandika anwani ubaoni. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kwa mkono mmoja na huku mwingine ukinakili anwani ile kwenye kiganja.

Mjini wakati huo palikuwa na sehemu mbili tu za intaneti za watu wote. Niliyoichagua ilikuwa nyuma ya soko, chumba chenye kompyuta tatu, na mwenyewe alikuwa mzee, fundi wa simu aliyepunguzwa kabla yetu. Mlangoni palikuwa na daftari la wageni. Sisi Watanzania hatujafungua kitu mpaka kiwe na daftari la wageni: jina, unakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Niliandika jina la kubuni, la mtu wa kabila la mbali kabisa na letu, nikaandika natokea Iringa, nikatia saini ya kubuni. Nilijisikia mjanja kupita kiasi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Nataka kuandika barua pepe ambayo haionyeshi aliyeiandika."

Hakushangaa. Akanifungulia ukurasa mmoja wa Kiingereza. Juu palikuwa na picha ya mtu aliyevaa kofia, uso hauonekani. Unajaza anwani ya unayemwandikia, unajaza kichwa cha habari, unaandika maneno yako, na pale pa jina la mwandishi hapana kitu. Waliahidi kwa herufi kubwa kwamba hakuna atakayekujua. Chini kabisa palikuwa na mistari ya herufi ndogo ndogo, na mimi niliiruka, nikidhani ni kama yale maneno ya nyuma ya tiketi ya basi.

Niliandika vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningeandika ovyo, kama mlevi, ningepona. Lakini nilikuwa mtu wa ofisi na nilikuwa na mwalimu. Nikaanza na Yah:, nikaandika mada kwa herufi kubwa, nikaendelea: "Tafadhali rejea orodha ya awali, folio 61, na linganisha na orodha iliyorekebishwa, folio 64, katika faili la siri la ofisi hii." Nikaeleza nani ametolewa, nani ameingizwa, kwa udugu gani. Sikukosea nukta. Mashine ikalia, ikakwama, ikaunganisha tena, ikaniambia barua yako imekwenda. Nikatoka nikanunua kichala cha zabibu sokoni, nikala njia nzima nikitema mbegu, na kila nilipotema mbegu nilimtema Meneja.

Zilipita kama wiki tatu.

Bahasha kutoka makao makuu ilikuja na mfuko wa barua wa kawaida. Mama wa masijala aliifungua mbele yangu, maana nilikuwa pale nikisubiri faili. Akatoa karatasi mbili. Ya juu ilikuwa barua fupi ya mstari mmoja kwa Meneja: soma kiambatisho, toa maelezo. Ya chini ilikuwa barua yangu. Wameichapa kama ilivyo, neno kwa neno, na juu yake mistari mingi ya Kiingereza na namba.

Yule mwenye sauti ya redio, aliyetuahidi siri, aliichukua barua ya kumlalamikia Meneja akampelekea Meneja. Kesi ya nyani unampelekea ngedere. Nikashika ubao wa dirisha la masijala.

Mama alisoma yote, polepole. Alipofika kwenye folio alisimamisha kidole. Kisha akainua macho akanitazama juu ya miwani. Mimi, mpumbavu, nilimtabasamia. Nilidhani ananishukuru. Nilidhani ule ndio ukimya wa watu wawili wanaopendana wasiohitaji kusema. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akaandika folio, akainuka kupeleka faili kwa Meneja.

Meneja alikaa na faili siku tatu. Siku ya nne alimwita mama, wakaondoka kwa gari la ofisi, dereva akiwa yuleyule mtoto wa dada. Niliambiwa wamekwenda posta. Walirudi baada ya saa moja na nusu. Mchana huo mama alisema amefunga, anafidia siku zake za Ramadhani. Nikala mlenda peke yangu mezani pangu, nikamwombea thawabu.

Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine ya makao makuu. Nataka kuwa mkweli hapa, barua yangu ilifanya kazi. Waliangalia folio 61 wakalinganisha na 64, wakaona mtumishi wa miaka mingi ameonewa. Wakaagiza arudishwe. Lakini idadi ibaki kumi na saba, na Meneja apendekeze jina jingine. Kuhusu dereva hawakusema neno.

Meneja akaniita nichape orodha ya tatu. Alikuwa ameiandika kwa mkono, kwa utulivu, bila kufuta hata neno moja. Safari hii nilisoma kabla ya kuchapa. Namba kumi na moja ilikuwa mimi.

"Kuna tatizo?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Nakala tatu."

Nikachapa nakala tatu. Nilipiga jina langu herufi moja moja, na sikukosea.

Nilipotoka ofisini nilikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Hasira zangu nilizipeleka kwa yule mzee wa intaneti, maana ndiye aliyekuwa karibu. Nilimwambia mashine yake ni ya uongo, huduma yake ni ya uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanivutia kiti.

"Walikuja hapa, binti. Bwana mmoja mnene na mama wa ushungi. Walikuwa na ile barua yako."

Akanieleza kwa lugha ya fundi wa simu, polepole, kwa kuwa hata yeye aliyajua juzi. Kila mashine ikiingia kwenye intaneti inapewa namba, kama simu. Ile huduma ilificha jina langu, ni kweli. Lakini iliambatisha namba ya laini niliyotumia, juu kabisa ya barua, ili mtu akitukanwa ajue pa kulalamikia. Ile ndiyo mistari ya herufi ndogo niliyoiruka, walikuwa wameandika hivyohivyo, kwa Kiingereza safi. Mtu wa kompyuta wa makao makuu aliitazama namba akaona ni laini ya Dodoma. Na Dodoma palikuwa na milango miwili tu ya kugonga.

"Lakini namba haijui kama ni wewe," alisema. "Namba inajua chumba hiki tu. Yule bwana mwenyewe alitaka kukata tamaa. Akaona majina ya siku ile, hakuna analolijua. Ndipo akamgeuzia yule mama daftari."

"Akafanya nini?"

"Alisogeza miwani. Akapitisha kidole. Akasema, ni huyu."

Sikumuuliza zaidi. Nilijua kidole gani, na nilijua kilikuwa na wino mwekundu kwenye kucha. Jina lilikuwa la kubuni na saini ya kubuni, lakini mkono ulikuwa wangu, na mkono ule aliulea yeye. Huduma ya watu wa ng'ambo ilinificha kwa dunia nzima, watu mamilioni wasingenijua, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akinitafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimesikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani inazungumzia chawa.

Sikuwa na hasira na Meneja. Meneja alikuwa Meneja. Na wale wa makao makuu niliwadharau tu. Hasira yangu yote, na kilio changu chote, vilikuwa vya mtu mmoja.

Asubuhi yake niliingia masijala nikafunga mlango. Nilikuwa nimepanga kuanza na maneno makali, nimeyakariri kuanzia nyumbani. Kinywa changu kikatoa, "Shikamoo, mama." Nilikichukia kinywa changu.

"Marahaba, mwanangu."

"Ulikwenda kule nyuma ya soko."

Hakukana. Alikuwa anapanga faili kwa namba, akaendelea kupanga. "Meneja aliniita peke yangu, wewe hukuwepo. Akasema folio hizi wanazijua watu watatu, na yeye hawezi kujishtaki mwenyewe. Akaniambia, ni wewe au ni binti. Nikamwambia mimi hata kuiwasha hiyo kompyuta sijui. Akasema, basi tukahakikishe."

"Ungesema huujui mwandiko."

"Nani angeniamini?" alisema. "Ofisi hii, nani angeniamini mimi kwamba siujui mwandiko?"

Kwa hilo alikuwa na haki, na ndivyo nilivyozidi kuumia. "Mama, ile barua nilikuandikia wewe. Ili usitoke. Na hutoki. Umerudishwa kwa sababu yangu."

Akaacha faili. Alivua miwani, na bila miwani alikuwa mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Nilisubiri aseme samahani. Ningemsamehe palepale, najijua. Ningelia, tungelia wote, tungekula.

"Sikukutuma, mwanangu," alisema. "Mimi nilishapokea la Mungu. Wewe ukaenda kulifukua. Lilipofukuliwa likawa ni mimi au wewe. Wewe una miaka thelathini, una mikono, utapata kazi kwa Wahindi, utapata popote. Mimi nina miaka miwili."

Asante ya punda ni mateke. Nilimwambia hivyo, usoni, mimi niliyefundishwa na mama yangu kutomtazama mkubwa machoni. Akavaa miwani yake akarudi kwenye faili. Kwa miaka mingi nilijivunia kwamba nilimwambia. Sasa sijivunii, ila sijutii pia. Niliumia kiasi hicho.

Watu wenye elimu ya kompyuta nimewasikia wakibishana huduma gani ni salama, ipi inaweka kumbukumbu, ipi inafuta. Mpwa wangu mmoja anafundisha hayo hukohuko Chimwaga, ambako sasa ni chuo kikuu, na aliwahi kunichorea kwa mishale njia inayopitia barua. Mchoro wake ni mzuri. Nilimwambia hakuchora masijala. Nilimwambia pia kwamba barua isiyo na jina ina mwandishi wake kila mahali: katika unachokijua ambacho wengine hawakijui, katika namna ulivyofundishwa kuandika Yah:, katika jambo unalolihurumia. Meneja angekuwa na akili kidogo zaidi asingehitaji namba wala daftari. Angejiuliza tu, nani ofisini hapa anampenda mama wa masijala kiasi hiki.

Barua za kupunguzwa zilitoka siku ya Jumatatu. Utaratibu ulikuwa kila mtu akabidhiwe yake mkononi na masijala, asaini kwenye kitabu cha kupokelea barua. Nilimsikia akitoka, viatu vyake vya mpira vinaburuta sakafuni, akianza meza ya mlangoni, kisha inayofuata. Watu walikuwa wanapokea, wanasaini. Alipofika kwangu aliweka bahasha mezani, akafungua kitabu, akanionyesha mstari.

"Hapa."

  Nikachukua kalamu nikaandika jina langu, langu la kweli, nikatia saini yangu ya kweli, nikamsukumia kitabu. Alikigeuza upande wake, akasogeza miwani, akakagua mstari wangu kama alivyokagua kila mstari kwa miaka thelathini. Kisha akanirudishia.

"Tarehe, mwanangu. Umesahau tarehe."

Nikaandika tarehe.